Chungu Kilichooshwa

Sogeeni, mkae vizuri. Nawaletea hadithi isiyo na mwisho, na mwisho wake nitawadai ninyi. Mwenye haraka ya kujibu aubane ulimi kwanza, maana kila atakapodhani amepata, hadithi itamnyang'anya.

Huko Chinyelewe, Ugogoni, mahali ambapo nyumba bado zilikuwa za tembe zenye paa la udongo lililo bapa kama uwanja, palikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Damari, mke wa Yeriko, mwana wa mzee Ndahani. Huyu alikuwa na vidole. Aliokota punje ya mtama iliyoanza kuota, akaiviringa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakuambia kama kimea kimefika au bado. Mche ukizidi, pombe huwa chungu; ukipungua, mtakunywa uji. Vidole vya Damari havikuzidisha wala kupunguza.

Wa pili ni Loi, wifi yake, binti wa mzee huyo huyo, aliyeolewa Kongwa. Huyu alikuwa na sikio. Alilibandika kwenye ubavu wa chungu chenye pombe, akafumba macho, akasema, "Inanong'ona," au, "Inabishana," au, "Imemaliza maneno, leteni chujio." Sikio hilo alilirithi kwa mama yake, pamoja na namna ya kuinamisha kichwa upande wa kushoto.

Wa tatu ni Kihwele, Mhehe aliyehamia zamani na kushona viatu pale njia panda. Huyu alikuwa na mkono mrefu. Sisemi alikuwa mwizi. Alikuwa mtani wa Wagogo wote wa pale, na mtani haibi, mtani huchukua.

Na palikuwa na wa nne, mzee Ndahani mwenyewe, ambaye hakuwa na kipawa chochote katika mambo ya pombe isipokuwa mdomo wa kuinywea na neno moja la kuisifia. Fuateni macho ya huyu, maana ndiye aliyetwishwa mzigo.

Mkewe, mama yao Yeriko na Loi, aliitwa Sechelela. Ukitaja pombe ya mtama katika vijiji vile, mtu alikuuliza, "Ya kawaida, au ya Sechelela?" Ya Sechelela ilikuwa kali kwa uchachu, lakini si uchachu wa kitu kilichoharibika. Ilikukunja uso, ikakukunjua, ikakuacha unatazama ndani ya kata kuona kama imebaki. Waliohamia mjini, wakija likizo, waliiulizia kabla ya kuuliza afya za wazee wao.

Kila pombe ilipochujwa, Sechelela alijaza kata ya kwanza, akampa mumewe, akasimama mbele yake mkono kiunoni.

"Vipi?"

Ndahani alionja. "Inanyweka."

Basi. Wageni walidhani mzee ni bahili wa maneno. Sechelela alikijua kipimo cha mumewe, na alijua kwamba neno hilo hakulitoa kwa pombe ya mtu mwingine yeyote. Akishalisikia, alikwenda kuwagawia watu huku anatembea kama aliyetajiwa ng'ombe wa mahari.

Siri haikuwa siri. Ukali ulikaa ndani ya chungu. Kilikuwa chungu kikubwa, cheusi, alichokirithi kwa mama mkwe wake, na tangu akipokee hakikuguswa na maji matupu. Alikisuuza kwa pombe yenyewe, akakifudikiza kivulini. Kuta zake za ndani zilishika utando wa kijivu, mgumu kama ngozi ya kiboko, na humo ndimo uchachu ulimolala kungojea uji mwingine. Mwiko wake mrefu wa kukorogea ulikuwa vivyo hivyo. Nao haukuoshwa.

Katika ukoo wa Ndahani, chungu cha namna hiyo hakikurithiwa kwa damu wala kwa umri. Mwenye chungu akifa, hupikwa pombe ya kumaliza matanga. Wazee huionja. Wakikubali kwamba ni pombe ile ile, mjane au mgane hunywa kata ya kwanza nusu, na nusu iliyobaki humpa mtu mmoja aliyeifanya pombe ile iwe. Huyo ndiye mwenye chungu. Lakini wakisema siyo, chungu huchukuliwa kaburini na kuvunjwa, na jina la pombe ile halitajwi tena, kwa sababu hakuna anayeijua.

Sechelela alifariki mtama ukiwa umeshavunwa, mwaka ambao mvua zilikuwa za kubahatisha.

Siku ya mazishi Kihwele alifanya utani wake kama ilivyompasa. Alilala kwenye kitanda cha marehemu akidai amerithi. Aliwaambia waombolezaji kwamba Sechelela hakufa, ameenda Iringa kuwafundisha Wahehe kupika pombe, maana wao wanajua kuinywa tu. Watu walicheka huku wanafuta macho. Mwishowe, akitoka, aliuchomoa mwiko mrefu wa pombe kutoka ukutani, akauweka begani kama bunduki.

"Rudisha mwiko, wewe," shangazi mmoja alimwambia.

"Niukomboeni kwa pombe. Kama hamna pombe, mimi nitaupikia ugali."

Hakuna aliyemfuata. Mwiko wa marehemu ukichukuliwa na mtani, hudaiwa siku ya matanga, si kabla.

Na Damari, naye, alifanya lililompasa. Kwao, upande wa Mpwapwa, mkwe mwema havumilii kuviona vyombo vya marehemu vikiwa na alama za mauti. Waombolezaji walipopungua alitoa kila kilichokuwa ndani: sufuria, vibuyu, kata, chujio. Alivipeleka kisimani, akavisugua kwa majivu na magunzi, huku analia. Chungu cheusi ndicho alichokisugua zaidi, kwa kuwa ndicho alichokipenda zaidi mama mkwe wake. Aliingiza mkono mpaka begani.

Loi alikikuta kimeanikwa juu ya paa la tembe, kinang'aa.

"Wifi," alisema polepole, "umekiosha?"

"Nimekiosha, wifi. Mpaka ndani."

"Mpaka ndani."

"Kilikuwa na ukoko mgumu. Nimeukwangua na jiwe."

Loi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Ndahani, aliyekuwa anakata kamba za ngozi kando ya zizi, alikiweka kisu chini. Alikitazama chungu, akamtazama mkwe wake ambaye bado hajaelewa amefanya nini. Alitaka kusema neno. Aliona mikono ya Damari imechubuka kwa majivu mpaka kwenye viwiko, akalimeza.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Kapumzike."

Baadaye alipoambiwa, Damari alikwenda kisimani kutazama kama ukoko ule ulikuwa bado pale. Kuku walikuwa wameshaumaliza.

Walijaribu hivyo hivyo. Mtama wa ghalani ulilowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Uji ulipikwa, kimea kikatiwa, chungu kikafunikwa. Kilichotoka kilikuwa kitamu. Mzee Masinga, kaka yake Ndahani na mkubwa wa ukoo, alionja, akamrudishia Loi kata.

"Hili ni togwa," alisema. "Wapeni wanaonyonya. Siku ya matanga sitaweza kudanganya, Ndahani. Unanijua."

"Nakujua."

"Chungu kitavunjwa."

"Nimesikia, kaka."

Ndahani hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikwenda kwenye kivuli cha ukuta ambako chungu kilizoea kufudikizwa, akaona duara lake bado liko kwenye udongo. Alizika mke, hilo alikuwa amelielewa. Hakuwa amejiandaa kumzika tena.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila mmoja wa wale watatu anapoingia kwa zamu yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kihwele. Alipita kuwachokoza, mwiko begani.

"Wenye matanga, hodi. Nasikia mnapika togwa. Basi mwiko wangu hauwahusu; huu umezoea vya watu wazima."

"Kihwele, leo hatuna hamu," Loi alisema.

"Mgogo hana hamu? Basi kweli kuna msiba." Aliuteremsha mwiko, akampungia puani kama anayemfukuza nzi.

Loi aliushika kwa mikono miwili. Kihwele alidhani anataka kumnyang'anya, akavuta. Lakini Loi alikuwa ananusa. Kwenye nyufa za bapa la mwiko, pale mti ulipopasuka kwa miaka ya kukoroga, palikuwa na masalia makavu ya kijivu.

"Umeuosha?"

"Nani? Mimi?" Kihwele aliacha mzaha. "Mke wangu aliukuta unanuka, akataka kuutia majini. Nikamwambia, mama, ukiutia majini nami nakutia majini. Akataka kuutia motoni. Nikalala nao kitandani, mwiko katikati, yeye kule na mimi huku, mpaka akazoea. Mali ya marehemu iko mikononi mwa mtani. Itarudi kama ilivyotoka. Hata Mhehe ana miiko yake."

"Baba," Loi aliita, na sauti yake ilimfanya Ndahani asimame. "Mama yumo humu."

Wa pili alikuwa Damari. Uchachu ulikuwa umepatikana, lakini mtama ulikuwa umekwisha wote katika togwa lile. Wa dukani ulikuwa umetiwa dawa ya wadudu, na mtama uliotiwa dawa huo hautoi pombe, hutoa wagonjwa. Majirani walikuwa na unga, hawakuwa na punje. Damari aliingia nyumbani kwake, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa udongo na samadi: mbegu yake ya msimu ujao, mtama mwekundu wa lugugu aliouchagua suke kwa suke.

"Hiyo ni mbegu," Ndahani alimwambia. "Mwaka wenyewe unauona. Mtapanda nini?"

"Baba, tutaomba mbegu. Mbegu huombwa. Mama haombwi kwa jirani."

Alikivunja kibuyu kwenye kizingiti. Aliloweka, akafunika kwa magunia, na kila alfajiri alipanda juu ya paa la tembe na kuingiza mkono chini ya magunia. Mawingu ya kipupwe yalikuwa yametanda, jua likitoka kidogo na kujificha, na kimea kilikuwa kinataka kuoza upande mmoja na kuchelewa upande mwingine. Damari alikitenga punje kwa punje. Zilizofika alizianika, za nyuma alizirudisha gizani. Loi, ambaye tangu siku ya kisimani alikuwa hamwiti wifi yake kwa jina, alipanda ngazi kumpelekea uji, akamkuta amepiga magoti, vidole vimekufa ganzi, anachagua.

"Shuka ule, Damari."

"Nikishuka zitanizidi."

Loi alimnywesha uji pale pale juu ya paa.

Wa tatu alikuwa Loi mwenyewe. Uji ulipikwa na kuachwa upoe, kimea cha Damari kikatiwa, mwiko, aliouleta Kihwele mwenyewe, ukazama na kukoroga. Chungu kikafunikwa. Kikanyamaza. Kesho yake kikanyamaza. Kipupwe kilikuwa kikali, maji ya mtungini yanauma meno. Wanawake wa jirani walikuja na maarifa: tia sukari, tia hamira ya dukani, itafura kama andazi, siku ya matanga imekaribia, nani atajua?

"Masinga atajua," Ndahani alisema.

"Mimi nitajua," alisema Loi.

Alibandika sikio. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamkakamaa, na baba yake akiwa mlangoni aliona kile kichwa kilichoinama upande wa kushoto, akaangalia pengine.

"Haijafa," Loi alisema. "Inapumua kama mtu mwenye baridi. Baba, mama alikuwa anakipeleka wapi chungu wakati wa kipupwe?"

Ndahani alifikiri. Alikuwa ameishi na jambo hilo miaka yote bila kulitazama. "Zizini," alisema. "Kwenye samadi mbichi. Nilikuwa namgombeza kwamba ng'ombe watakivunja."

Walikichimbia kwenye samadi yenye joto mpaka shingoni. Loi alihamia zizini. Ng'ombe walipoingia alisimama kati yao na chungu kwa fimbo. Walipotoka alilala kifudifudi akasikiliza. Hamira ilibaki kwenye karatasi yake. Siku moja, ng'ombe wakiwa machungani, aliinua uso wenye samadi shavuni.

"Inanong'ona."

Na siku ya matanga, watu wameshaketi, Masinga ameshauliza mara mbili kama kuna pombe au hakuna, Loi bado alikuwa amelala kifudifudi, amenyanyua kidole kuwazuia. Walingoja. Wazee wazima walilingoja sikio la mwanamke mmoja zizini, na hakuna aliyenung'unika. Kisha akasimama, akajipangusa.

"Imemaliza maneno. Leteni chujio."

Masinga alionja wa kwanza, kwa niaba ya wazee. Uso wake ulikunjamana mpaka macho yakapotea. Ukakunjuka. Alitazama ndani ya kata kuona kama imebaki.

"Chungu hakivunjwi," alisema.

Watu waliguna kwa furaha. Kata ikajazwa upya, ikapewa Ndahani. Alikunywa nusu. Ilimkunja, ikamkunjua. Hapakuwa na mtu aliyesimama mbele yake mkono kiunoni, na hapakuwa na aliyemuuliza vipi, lakini alijibu, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

"Inanyweka."

Waliokuwa wanamjua walielewa alichosema. Alikuwa amesimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alionekana mrefu.

"Haya," Masinga alisema. "Nusu iliyobaki ni ya mtu mmoja. Kata haigawanywi. Nani aliyeifanya pombe hii iwe?"

Kihwele alisimama kwanza, kama kawaida yake. "Bila mwiko mngekunywa togwa. Na najua mtasema niliuchukua kwa utani. Ni kweli. Lakini kuulinda haukuwa utani; muulizeni mke wangu. Mkinipa, mimi sina haja ya kukihamisha chungu. Kitakaa hapa, mwiko utakaa kwangu. Vitu vilivyo katika nyumba mbili havioshwi na mtu mmoja kwa siku moja."

"Mtani arithi chungu cha Wagogo?" mtu alidakia nyuma. "Mtakitia ulanzi, pombe yenu ya mianzi."

"Mgogo akiomba kila kitu mnampa," Kihwele alijibu. "Mhehe akiomba mara moja mnashangaa?" Watu walicheka, lakini Masinga hakucheka. Alikuwa anapima maneno ya nyumba mbili.

Loi alisema, "Mwiko ulikuwepo, kimea kilikuwepo, na chungu kilikuwa kinakufa. Wapo kati yenu waliotaka kukitia hamira. Ningekubali, uchachu wa mama ungefunikwa siku hiyo hiyo na msingeujua tena. Chungu kisichokuwa na wa kukisikiliza ni udongo uliochomwa. Ni kweli nikipewa kitakwenda Kongwa. Lakini kitakwenda na sikio lake."

Damari hakusimama. Masinga ilibidi amwite.

"Wewe ndiye uliyekiosha," alimwambia, si kwa ukali.

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Na unataka kupewa?"

Damari aliitazama mikono yake. "Nilikiosha kwa sababu nilikuwa nampenda. Kimea nilikitoa kwa sababu hiyo hiyo, na shamba langu liko tupu. Sina la kuongeza. Ila mnatafuta mtu ambaye hatakiosha chungu hiki hata kidogo, hata akiugua, hata akizeeka na kusahau. Katika dunia hii yupo mmoja tu mwenye uhakika huo."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

Ndahani alibaki na kata mkononi. Alikuwa amedhani kwamba pombe ikikubaliwa, jibu litakuja lenyewe. Alimtazama Kihwele, ambaye aliuhifadhi uchachu bila kujua anahifadhi nini, kwa sababu tu alijua miiko. Alimtazama Loi, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa kushoto. Alimtazama Damari, aliyeharibu na kutoa mbegu yake, naye ndiye atakayebaki kumpikia mpaka mwisho wake. Aliuuliza moyo wake, moyo ukampa majibu matatu, na akajua hawezi kuuamini.

"Mzee," Masinga alisema, "povu linakufa."

Ndahani akanyoosha mkono wenye kata. Na mimi namwachia hapo, mkono umenyooka, kata ina nusu, watu watatu wako mbele yake na hakuna anayepumua.

Sasa ziachieni ndimi nilizowaambia mzibane. Mkono ule ni wako. Unaupeleka kwa nani?